Bibi, Hapo Anasemaje?

Jumanne asubuhi, nusu ya kichwa ikiwa imefumuliwa na nusu bado, Keshia wa benki alivua kitambaa cha mabegani, akakikunja vizuri kama mtu anayerudisha mali ya watu, na kutangaza kwamba yeye alikuja kusukwa, hakuja kuzikwa. Akajifunga kilemba juu ya ile nusu iliyosimama wima, akaokota mkoba wake na kutoka. Msusi alibaki na chanuo mkononi akiutazama mlango. Keshia alikuwa mteja wa miaka minne, mteja wa kila wiki ya pili, na aliondoka bila hata kuaga.

Chanzo kilikuwa kwenye televisheni. Pale juu ukutani, kwa wiki ya sita mfululizo, mjane mmoja wa nchi ya mbali alikuwa anatembea polepole katika nyumba yake akigawa vitu vya marehemu mumewe. Anakuja jirani, anapewa baiskeli. Anakuja mpwa, anapewa koti. Kila anayekuja anaombwa alipe kitu kimoja tu, nacho ni kusema jambo moja analolikumbuka kuhusu yule mzee. Hiyo ndiyo sinema nzima. Hakuna bunduki, hakuna busu, hakuna hata mbwa wa kubweka. Kuna mahali kamera inautazama mlango uliofungwa kwa dakika nne, na mlango haufunguliwi.

Msusi hakuichagua. Deki ilikuwa ya mteja wa mumewe, aliyeileta itengenezwe na hakurudi tena. Mumewe, Fundi, ambaye mtaa mzima ulimpelekea redio na televisheni zake, aliifungua, akaikuta ina diski iliyokwama tumboni, akaifunga na kuileta saluni ili mkewe asikae bure. Diski haikutoka na nyingine haikuingia. Deki ilikubali kazi moja tu, kucheza sinema ile, na ikifika mwisho ikaianza tena bila kuombwa. Fundi aliiangalia akasema ni kazi ya dakika kumi, ataifanya kesho. Kesho hiyo sasa ilikuwa na wiki sita.

Kuizima kabisa Msusi hakuweza. Mtu anayesukwa anakaa kitini saa nne au tano, na kimya kinamfanya asikie kila nywele inavyovutwa. Tena saluni ya pili kutoka hapo ilikuwa na televisheni pana kama meza. Basi mjane wa watu akaendelea kugawa vitu, mara nne au tano kwa siku, huku Msusi akiomba Mungu wateja wamzoee.

Katika haya yote alikuwapo Mama.

Alikuwa mama yake Fundi. Mzee wake alifariki miezi miwili iliyopita, nyumba waliyokuwa wamepanga ikarudishwa kwa mwenyewe, naye akaletwa kwa mtoto wake wa pili akiwa na begi moja na katoni moja ya viberiti. Msusi alidhani viberiti vile ni tabia ya wazee ya kuweka akiba, akaviingiza jikoni na kuvitumia bila kuuliza. Kitu kilichomsumbua kilikuwa kingine. Mama alikuwa hasemi. Alijibu salamu, alishukuru kwa chakula, alisema nimeshiba, akanyamaza kama maji mtungini. Jina la mzee halikumtoka mdomoni hata mara moja. Msusi, kwa kuogopa kumwacha peke yake nyumbani, alimpeleka saluni kila siku na kumkalisha kwenye kigoda kando ya mlango, ambako alichambua nywele za bandia na kukunja taulo.

Ikatokea hivi. Saluni ile ilikuwa chumba kimoja chembamba. Viti viwili vya wateja vilitazama kioo kikubwa ukutani, na televisheni ilikuwa ukuta wa nyuma, juu ya benchi la wanaosubiri, kwa kuwa soketi ya umeme ilikuwa huko. Kwa hiyo aliyekaa kitini aliitazama sinema kwenye kioo, aliyekaa benchini naye aliitazama kwenye kioo, na Msusi mwenyewe, aliyesimama nyuma ya viti, aliitazama kwenye kioo. Picha kwenye kioo haina neno. Tatizo lilikuwa maandishi. Wale watu wa kwenye sinema walisema lugha yao, na tafsiri ya Kiswahili iliandikwa chini ya picha, na kwenye kioo herufi zote zilikuwa kinyumenyume. Mtu mmoja tu katika chumba kizima aliweza kuzisoma sawasawa, naye ni yule wa kwenye kigoda cha mlangoni.

Aliyeanza ni Nesi wa zahanati, aliyependa misuko mirefu na aliyekuwa na mazoea ya kulala kitini. Siku moja katika wiki ya kwanza aliamka, akamwona mjane anamwambia jirani kitu, akauliza bila kugeuka, "Bibi, hapo anasemaje?"

Mama aliinua uso, akasoma. Sauti yake ilikuwa kavu kwa kutotumika. "Anasema, karibu, mlango haujafungwa."

Msusi nusura aangushe kitana. Tangu siku hiyo kazi ikawa ya Mama. Kila mteja alipoona midomo inacheza alimwuliza Bibi, na Bibi akasoma, siku hadi siku kwa sauti iliyozidi kunyooka. Ajabu ni kwamba wateja wengine walianza kurudi kabla ya nywele zao kuchakaa. Nesi aliapa kwamba sinema ile hubadilika. Mara ya kwanza aliona ni ya maiti, mara ya pili akaona ni ya mjane, na sasa, mara ya tano, alikuwa anavunjika mbavu, maana huyo mume aliyekufa alikuwa kituko. Alikuwa akitumwa chumvi dukani anarudi na kiberiti. Msusi alisikia hayo kwa sikio moja, lile jingine likiwa kwenye hesabu ya mafungu ya nywele. Alidhani ndivyo sinema za watu wenye akili zilivyo, kwamba hazijitoi zote kwa mara moja.

Keshia, ambaye siku zote alikuja na kuondoka mbio, hakuwahi kukaa akasomewa hata sentensi mbili. Jumanne ile aliona msiba tu.

*

Jioni ya siku ile ile simu ya Fundi iliita wakati wanakula, na Fundi akaiweka sauti ya juu kwa kuwa vidole vilikuwa na mchuzi. Alikuwa kaka yake mkubwa, mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kupita masokoni na madukani kupima mizani ya wafanyabiashara, na ile iliyopungua hata kwa gramu kumi aliifungia. Watu walimwita Mkaguzi hata nyumbani kwake. Ndiye aliyesimamia mazishi ya baba yao, akapanga kila kitu kwa saa na dakika, na hakuna aliyemwona akitoa chozi.

Aliuliza Mama anaendeleaje. Fundi, mtu asiyejua kuficha, akasema hajambo, anashinda saluni, anaangalia sinema. Sinema gani? Fundi akaieleza, na alivyoieleza ndivyo alivyozidi kujichimbia.

"Ngoja nielewe," Mkaguzi alisema. "Mama kafiwa. Nyinyi mmemkalisha mlangoni mwa saluni kama mlinzi, mnamwonyesha msiba mara tano kwa siku."

Fundi akasema deki imekwama, ataitengeneza kesho. Kaka yake akamjibu kwamba yeye ni fundi wa mtaa mzima na kidude cha mkewe kimemshinda wiki sita, basi asimwambie habari ya kesho. Jumamosi angekuja kumchukua Mama, akakae kwake, kwenye nyumba yenye nafasi na utulivu. Fundi alisema, "Sawa, kaka," kama alivyosema tangu akiwa na miaka mitatu.

Mama alikuwa pale pale, amesikia kila neno. Walipomtazama alinawa mikono. "Nitakaa popote mtakaponiweka," alisema, akaenda kulala.

Msusi alisafisha vyombo akiwa na moyo mzito. Utulivu wa nyumba ya shemeji yake aliujua. Mkaguzi na mkewe walitoka asubuhi na kurudi jioni, na mchana kutwa ilibaki saa ya ukutani. Hata hivyo, aliikumbuka ile nusu ya kichwa cha Keshia, akajiuliza kama pengine shemeji amesema kweli, kwamba amemkalisha mama wa watu mbele ya kidonda na kukichokonoa kila siku.

*

Jumatano mchana alikwenda mlangoni kukung'uta nywele zilizonasa kwenye kitambaa. Kitini alikuwa Nesi na sinema ilikuwa imefika pa baiskeli. Nesi akauliza, "Bibi, hapo anasemaje?" Msusi, akiwa amesimama kando ya kigoda cha Mama, aliinua macho kwenye televisheni yenyewe. Ndiyo mara ya kwanza kwa wiki sita kuitazama bila kioo. Chini ya picha paliandikwa: Ichukue. Mnyororo unataka mafuta.

"Anasema, ichukue," Mama alisoma, macho yake hapo hapo kwenye maandishi. "Anasema, mume wangu aliisukuma kuliko alivyoipanda, maana akiipanda atawapita watu bila kuwasalimia."

Nesi akacheka. Msusi alibaki na kitambaa kikining'inia mkononi. Alidhani amesoma vibaya. Jirani akasema kitu, maandishi yakabadilika: Nitaitunza. Mama akasoma, "Jirani anasema, siku moja alitoka saa nne kununua chumvi, akaimaliza barabara nzima kwa salamu, akafika dukani amesahau alichotumwa. Akaona haya kuuliza. Akanunua kiberiti, kwa sababu kiberiti hakikosi kazi."

"Na mke hakusema kitu?" Nesi aliuliza.

"Hakusema. Alipika bila chumvi. Mzee alikula akasifu. Ikawa hivyo miaka arobaini."

Msusi alirudi kwenye kiti akaendelea kusuka. Aliikumbuka katoni ya viberiti kule jikoni. Alikumbuka namna Mama alivyouangalia mkono wake kila alipowasha jiko. Kwa wiki sita alikuwa anasikitika kwamba mwanamke huyu hawezi kumtaja mumewe, kumbe alimtaja kutwa nzima, mbele ya watu, kwa sauti, na mtaa mzima ulikuwa umemjua na kumpenda yule mzee bila kujua kwamba alikuwa mtu kweli. Msusi aliona furaha na uchungu vinamjia pamoja, akajikaza, akasuka fungu moja mara mbili.

Kesho yake alifungua saluni mapema, peke yake, akakaa kwenye kigoda cha Mama na kuiangalia sinema yote kama ilivyotengenezwa. Ilikuwa nzuri. Maneno yake yalikuwa machache mno, na kati ya neno na neno palikuwa na nafasi kubwa. Akaelewa. Nafasi zile ndizo Mama alizoingia na kukaa. Mwishoni mjane anabaki na chumba kitupu na kiti cha mumewe, anakaa mbele ya kile kiti, na baada ya kimya kirefu anakiambia jambo moja. Msusi aliitambua sehemu ile. Ndiyo sehemu ambayo Mama, kila siku, kila mara, aliinuka na kwenda kuanika taulo, hata kama hakuna taulo mbichi.

Sasa alijua anachotaka. Mama asiondoke. Shida ni kwamba hakuweza kumweleza mtu. Akimwambia Fundi, Fundi angempongeza mama yake kabla ya chai kupoa. Akimwambia Mkaguzi, angesikia kwamba mama yake anasoma kitu kisichoandikwa, na kwa mtu wa gramu huo ungekuwa ugonjwa. Na Mama mwenyewe akijua kwamba amesikika, angeona aibu, angenyamaza, na safari hii moja kwa moja.

*

Ijumaa Fundi alikuja saluni na bisibisi tatu na uso wa mtu aliyetubu. Aliwaambia wote waliokuwapo kwamba leo ndiyo kesho. Amefikiri usiku kucha. Kaka akija akute deki imepona na sinema ya kuchekesha inacheza, hatakuwa na sababu ya kumchukua Mama. Akavuta stuli, akapanda.

"Shuka," Msusi alisema.

Fundi akafikiri hajasikia vizuri. Akamkumbusha mkewe kwamba kwa wiki sita amemsema asubuhi na jioni juu ya deki hii, mbele ya wateja na mbele ya mafundi wenzake.

"Ukiigusa hiyo deki, chakula cha leo utapika mwenyewe."

Fundi alishuka. Alisimama na bisibisi zake akimtazama mkewe, kisha wateja, kisha mama yake, aliyekuwa ameinamia nywele zake kama vile habari hazimhusu. Nesi alimwambia aende salama, hapa kuna watu wanataka kujua mzee alileta nini kutoka dukani. Fundi hakuelewa hata neno moja. Alirudi kazini kwake akiwa amenuna, na huko akatengeneza redio ya mtu bure kwa kukosa umakini.

Alasiri akaingia Keshia. Kilemba kilikuwa kile kile, na chini yake, alikiri, ile nusu ya kichwa ilikuwa haijaguswa na mtu. Saluni ya pili walikuwa na televisheni pana kama meza, na mpira wa miguu kuanzia asubuhi. Alikaa mbele ya kioo akimwepuka Msusi kwa macho. Alisema watu benki wanaongea juu ya mzee wa viberiti, na yeye, mteja wa miaka minne, ndiye asiyejua lolote. Msusi alimfunga kitambaa shingoni taratibu, hakumcheka. Nywele hazikuisha siku ile, na Keshia hakulalamika. Alisema atamalizia Jumamosi, akauliza yule bibi wa kwenye sinema huwa anakiambia nini kile kiti mwishoni, maana Bibi alikwenda kuanika taulo.

"Hata sisi hatujui," Nesi alisema.

*

Mkaguzi aliingia Jumamosi saa nne kasoro dakika moja, viatu vinang'aa. Alisalimia, akaitazama saa ya ukutani, akasema iko mbele dakika tatu. Msusi alimkaribisha benchini. Akakataa, hakuja kukaa. Akasimama mlangoni, kando ya mama yake, funguo za gari mkononi.

Begi lilikuwa tayari. Juu ya begi Mama alikuwa ameweka ile katoni.

"Hii ya nini, Mama?"

"Viberiti."

"Kwangu tunapikia umeme. Hivi waachie hawa."

Mama aliitoa katoni juu ya begi na kuiweka sakafuni, karibu na mguu wake. Fundi, aliyekuja kubeba mzigo, akaangalia chini. Msusi aliona namna Mama alivyokuwa mdogo pale kwenye kigoda, akatamani kusema, na hakuwa na la kusema ambalo lisingeharibu.

Keshia alikuwa kiti cha kwanza, Nesi cha pili. Hawakujua kama kuna safari. Macho yao yalikuwa kwenye kioo, ambamo mpwa alikuwa anavishwa koti.

"Bibi, hapo anasemaje?" Keshia aliuliza.

Mama alisita. Akamtazama mwanawe, akaitazama televisheni. Mazoea yakamshinda. "Anasema, koti hili lina mifuko minne, na yote alikuwa anaijaza karanga. Akikutana na mtoto njiani, mfuko mmoja umekwisha."

"Hapana," Mkaguzi alisema. Lilimtoka kama linavyomtoka sokoni. "Pale pameandikwa, linakukaa vizuri. Basi. Hakuna karanga."

Mikono ya Mama ikasimama juu ya nywele. Msusi akajua kwamba kile alichokiogopa kwa siku tatu kimeshafika. Mama aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva kwa aibu.

Nesi ndiye aliyegeuka kitini, misuko nusu ikimning'inia begani. Yeye hakuona kama kuna siri yoyote iliyofichuka. Aliona mwanamume mgeni anaingilia sinema ya watu. Alimwambia kwa upole wa zahanati, ule wa kumtuliza mgonjwa mbishi, kwamba yeye amekuja leo na hajui mambo yalivyoanza. Sinema hii huwezi kuielewa kwa kuiangalia mara moja. Wao wameiangalia mara saba, mara nane. Huyo marehemu alikuwa mtu wa watu. Baiskeli aliisukuma ili asalimie. Akitumwa chumvi analeta kiberiti, kwa kuwa amesahau na anaona haya kuuliza, na mkewe hakumwambia hata siku moja, alipika bila chumvi miaka arobaini. "Ndiyo maana nyumba imejaa viberiti," Nesi alimalizia. "Hiyo ndiyo sinema yenyewe, baba. Hayo mengine ni maandishi tu."

Mkaguzi aliitazama televisheni, ambako hakukuwa na kiberiti hata kimoja. Akatazama chini, kwenye katoni iliyokuwa karibu na mguu wa mama yake. Alikuwa amesahau. Alitoka nyumbani kwao mdogo, akaenda kusoma, akaenda kazini, akapima mizani ya dunia nzima, na alichobakiwa nacho juu ya baba yake kilikuwa saa ya kufa na idadi ya waliohudhuria. Sasa ulimi wake ulikumbuka maharage yasiyo na chumvi, baba yake anayasifu kwa sauti, na mama yake anatazama pembeni ili asicheke.

Sinema ikaendelea. Nyumba ya mjane ikabaki tupu, kikabaki kiti. Mjane akakaa mbele yake. Mama, kama kawaida, akaweka mikono magotini ainuke akaanike taulo.

"Bibi, leo usitoke," Keshia alisema, na sauti yake haikuwa ya kuamrisha. "Nimerudi kwa ajili ya hapa."

Mama alibaki. Kwenye kioo midomo ya mjane ilicheza kidogo. Maandishi yakatokea, na Msusi, aliyekuwa ameyasoma Alhamisi, aliyajua: Kesho nitakusogeza dirishani.

"Bibi, hapo anasemaje?"

Mama alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Wiki sita alikuwa amemsema mumewe kwa watu, na hakuwa amemwambia mwenyewe hata neno moja tangu walipomfunika. Alijaribu tena. Wote kwenye kioo walimwona, mwanamke mdogo kando ya mlango, na walisubiri.

Mkaguzi alikohoa. Alilinyoosha shati lake, akaisoma televisheni ile kwa sauti rasmi, ile ya kumsomea mwenye duka uzito wake.

"Anasema," alisema, "chumvi imekwisha."

Keshia, macho kwenye kioo, akasema taratibu, "Haya. Sasa hivi ataleta kiberiti."

Nesi ndiye aliyeanza kucheka, halafu Keshia, halafu Fundi, ambaye alikuwa amesikia jambo la baba yake na ndiyo kwanza anaanza kuelewa kwa nini bisibisi zake zilifukuzwa. Mama alijifunika uso kwa taulo. Mabega yalitikisika, na Msusi aliogopa, mpaka taulo iliposhuka, akaona kwamba analia na kucheka kwa pamoja, wala hataki kuacha kimojawapo. "Na kitakuwa kile cha njiti fupi," Mama alisema, "kisichowaka." Kisha akalitaja jina la mumewe, mara moja, kwa sauti ya kumlaumu kama mtu aliyechelewa chakula.

Mkaguzi aliinama akaiokota katoni. Aliishika kwa mikono miwili, akamwuliza shemeji yake jikoni wanaiweka wapi. Msusi akamjibu kwamba ni kule nyumbani, rafu ya juu, Fundi ataipeleka pamoja na begi. Fundi alikwisha kulibeba begi, na hakuelekea kwenye gari.

"Hii inaanza tena saa ngapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Sasa hivi. Hairuhusu mapumziko."

Akatia funguo mfukoni. Akaenda benchini, chini ya televisheni, akakaa katikati ya mikoba ya wanawake, viatu vyake vinavyong'aa vimezungukwa na nywele zilizokatwa. Aliinua macho kwenye kioo. Mlango wa mjane ulikuwa unafunguka upya, na herufi chini yake zote zilikuwa kinyumenyume.

"Lakini hapa sioni kilichoandikwa," alisema.

"Tulia," Mama alimwambia, akivuta kigoda chake karibu kidogo. "Nitakusomea."